Uzi: Kichujio cha ditekta, takataka na mali, kwa sisi tunaotafuta hapa Nairobi

#1 · koili_ya_buruburu (mleta uzi)

Wadau, hamjambo. Kila mgeni anayeingia hapa anauliza swali moja: kichujio cha ditekta ya metali, yaani ule mpangilio unaoiambia mashine inyamazie vitu gani, nikiweke wapi ili iniletee mali peke yake? Nimekuwa nikijibu vipande vipande kwenye nyuzi za watu. Leo naomba nilimalize mahali pamoja.

Jibu langu ni hili: shusha kichujio hadi chini kabisa. Ukitaka, zima misumari midogo tu, na kazi nyingine yote ya kuchuja uifanye kwa masikio. Anayepandisha kichujio hadi mashine inyamaze hajaondoa takataka tu. Ameondoa takataka pamoja na pete za dhahabu, pamoja na sarafu zilizolala chini sana, pamoja na chochote kilichokaa karibu na msumari.

Nieleze kwa nini, maana ukielewa mashine inapima nini hutahitaji kukariri namba za mtu.

Koili, lile duara la waya mnalopitisha juu ya udongo, inatoa uga wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kila sekunde. Mashine nyingi za kawaida hufanya kazi kati ya kilohezi 3 na 30. Uga huo ukikutana na metali unaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo inatoa uga wake, ambao koili ya kupokea inausikia. Kipande kinene cha metali inayopitisha umeme vizuri, mikondo yake hukawia kufa. Kipande chembamba, au cha metali isiyopitisha umeme vizuri, mikondo hufa upesi. Mashine hupima huko kukawia na kukugeuzia namba kwenye skrini. Chuma kina tabia ya ziada kwa kuwa kinashikwa na sumaku, na hapo ndipo mashine hupata njia ya kukitenga na vingine.

Hayo tu. Katika hesabu hiyo yote hakuna mahali bei ilipoingia. Mashine haijui dhahabu, haijui fedha, haijui kizibo. Inajua umbo, unene, na jinsi umeme unavyopita.

Sasa angalieni upitishaji wenyewe. Tukiipa shaba safi 100, fedha iko juu yake kidogo, kama 105. Dhahabu safi ni kama 70, alumini kama 60, risasi kama 8. Ukisoma orodha hiyo utadhani dhahabu italia karibu na shaba. Hailii hivyo, kwa sababu hakuna anayevaa dhahabu safi. Pete ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, ya karati 9 ina asilimia 37.5, na metali zilizochanganywa hupitisha umeme vibaya kuliko kila moja ikiwa peke yake. Ongeza kwamba pete ni kitu kidogo. Matokeo yake inaangukia palepale panapoangukia foili iliyokunjwa na kile kidude cha kufungulia mkebe wa soda. Pete nyembamba ya mama hulia sawa na foili. Pete nzito ya mwanamume hulia sawa na kidude cha mkebe. Hakuna mashine ya masafa ya chini, yaani hizi za kawaida nilizotaja, ya bei yoyote ile, inayoweza kukutenganishia hivyo viwili kwa uhakika. Anayekuambia ipo anakuuzia kitu.

Mkufu ni mbaya zaidi. Mikondo hushindwa kuzunguka mkufu mzima kwa sababu pingili zinagusana vibaya, kwa hiyo mashine inasikia pingili moja moja. Mkufu wa thamani unaweza kulia kwa namba ndogo kabisa, au usilie. Pete iliyokatika pia hushuka sana, maana duara limefunguka.

Ndiyo maana nasema: ukizima foili na vidude vya mikebe, umezima dhahabu. Fanya hivyo ukijua, kwa sababu umechoka au muda ni mfupi, lakini usifanye ukidhani umeondoa uchafu.

#2 · mgeni_wa_umoja

Asante kaka. Mimi nina mashine ya mtumba, Garrett moja ya ACE, juu ya skrini ina alama za senti 5, senti 10, senti 25 hadi dola. Sasa shilingi zetu ziko wapi hapo? Niliweka ilie kuanzia senti 10 kwenda juu kwa sababu nilidhani chini ya hapo ni uchafu.

#3 · koili_ya_buruburu

Ndugu, hizo alama ni za sarafu za Marekani. Kwako hazina kazi, na kwa kweli zinadhuru. Ningekuwa mtengenezaji nisingezichora kwenye mashine inayouzwa Afrika.

Angalia sarafu zetu zenyewe. Shilingi ya Afrika Mashariki ile yenye simba, kuanzia 1921 hadi 1946, ina fedha asilimia 25. Kuanzia 1948 wakaacha fedha, wakaenda kwa shaba na nikeli. Senti kumi kubwa yenye tundu katikati ni ya bronzi, na hiyo hulia juu, safi, huwezi kuikosa. Kisha Kenya ikatoa sarafu zake 1966, zenye sura ya Mzee Kenyatta. Shilingi ya hapo ni shaba na nikeli. Mchanganyiko huo hupitisha umeme vibaya mno, kama 5 kwenye ile orodha yangu, ingawa robo tatu yake ni shaba. Na ndio huohuo uliotengeneza senti 5 ya Marekani. Kwa hiyo kwenye mashine yako shilingi hiyo haiko juu kama unavyotarajia kwa ukubwa wake. Iko katikati, kule kwa vidude vya mikebe, na ukianza kusikiliza kutoka senti 10 unaweza kuipita.

Halafu hizi za sasa. Chukua shilingi moja ya mfukoni, ile ya twiga iliyotoka 2018 au ile iliyotangulia, uiguse na sumaku. Inanata. Ndani ni chuma, nikeli imepakwa juu tu. Ditekta huchanganyikiwa nayo: mara inasema chuma, mara inaruka juu. Ukizima chuma chote, umezima pia pesa zilizodondoka jana kwenye uwanja wa mpira. Shilingi moja si mali, najua. Lakini inakuonyesha wazi kwamba kichujio hakipimi pesa.

Unachotakiwa kufanya ni hiki: kusanya sarafu zako, pete ya nyumbani, kizibo, kidude cha mkebe, foili, msumari wa bati, kipande cha bainding waya. Weka kimoja kimoja juu ya udongo mahali pasipo na kitu kingine, pitisha koili, andika namba na usikilize sauti. Halafu uvifukie kina cha kidole, kisha cha kiganja, upitishe tena. Hiyo karatasi utakayoandika ni bora kuliko jedwali lolote la mtandaoni, kwa sababu ni ya mashine yako na udongo wako.

Namba zenyewe hazilingani kati ya mashine na mashine. Minelab Equinox 600 na 800 zinahesabu kutoka -9 hadi 40, na chuma kinakaa kuanzia 0 kwenda chini. X-Terra Pro ni -19 hadi 99. Garrett yako ina visanduku tu. Mtu akikuambia "chimba 22" bila kutaja mashine, hajakuambia kitu.

#4 · mzee_wa_mizani

Vijana, mimi niko kwa skrapu Gikomba miaka mingi, sina ditekta lakini mambo ya metali nayajua kwa mkono. Huyu mleta uzi anasema kweli. Kwetu kitu cha kwanza ni sumaku iliyofungwa kwa kamba. Watu wanaleta mifereji inang'aa njano wakisema ni brasi, sumaku inanata. Chuma kimepakwa rangi. Kinachofuata ni tupa, unakwaruza kona, unaona rangi ya ndani. Kopa ni nyekundu, brasi ni njano, zinki iliyopakwa ni kijivu. Macho hudanganywa na rangi ya juu, na nimeelewa sasa kwamba hata mashine zenu zina udhaifu wake.

Jambo la pili nawasihi. Msichimbe nyaya. Mashine ikilia mstari mrefu, ukafuata hatua kumi na bado inalia, hiyo ni kebo au bomba. Acha. Kebo ya stima inaua. Na kopa ya kebo hata ukiipata huna pa kuipeleka kwa haki: biashara hii ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, inahitaji leseni, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliifunga biashara yote kwa sababu ya watu kuharibu minara ya stima, ikafunguliwa tena Mei. Sisi wa halali tulikaa njaa kwa ajili ya wezi. Kwa hiyo mkiona kebo, fukieni mwende.

#5 · koili_ya_buruburu

Mzee wa mizani, asante sana, na sumaku ile naiunga mkono. Kila mtafutaji awe na sumaku ndogo mfukoni. Donge la udongo likitoka na bado linalia, sumaku inakuambia kama ni kutu kabla hujapoteza muda kulivunjavunja.

Sasa niingie kwenye kitu ambacho naona hakizungumzwi vya kutosha, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote: kitu kibaya kuficha kitu kizuri.

Jiji letu limejengwa kwa misumari. Reli ilifika hapa 1899, na tangu siku hizo hakuna mahali hapajawekwa kibanda cha bati, kikabomolewa, kikawekwa kingine. Misumari ya bati, bainding waya, vipande vya mabati vilivyooza. Viwanja vingi vya Eastlands ukipita bila kichujio mashine inalia bila kupumzika. Mtu anaona kero, anazima chuma, kimya kinarudi, anafurahi.

Lakini kuzima chuma hakuondoi chuma. Koili bado inakiona. Mashine inachofanya ni kukata sauti wakati jibu la chuma ndilo kubwa. Sarafu ikiwa kando ya msumari, majibu mawili yanachanganyika, na likishinda la msumari mashine inakata vyote. Unapita juu ya sarafu nzuri, kimya.

Fanyeni jaribio hili jioni moja, msiniamini mimi. Weka senti kumi ya zamani au sarafu yoyote isiyonata sumaku juu ya udongo. Weka msumari wa inchi nne kando yake, umbali wa vidole viwili. Zima chuma, pitisha koili kufuata urefu wa msumari, kisha zunguka upitishe kuukata msumari. Upande mmoja sarafu italia, upande mwingine itakufa au itatoa mkwaruzo mfupi. Sasa washa metali zote, yaani mashine isichuje chochote, na urudie. Utasikia mguno wa chuma na ndani yake mlio mkali mfupi. Mlio huo ndio tunaotafuta. Ukizoea kuusikia ndani ya kelele, viwanja ambavyo wenzako wamesema vimeisha vitaanza kukupa.

Mambo yanayosaidia hapo: koili ndogo, ya inchi sita hivi, kwa sababu inaona eneo dogo kwa wakati mmoja na inaweza kukitenga kitu kimoja na jirani yake. Kama mashine yako inakuruhusu kuongeza kasi yake ya kurudi tayari baada ya mlio mmoja kusudi isikie wa pili, ongeza, ingawa utapoteza kina kidogo. Pitisha koili polepole. Na kila eneo lipite mara mbili, mara ya pili ukikata ile njia ya kwanza. Mimi ningemnunulia mgeni koili ndogo kabla ya kumnunulia mashine ya bei zaidi.

#6 · dawati_la_nyuma

Hii ya kufichana inanikumbusha Alexander Graham Bell, yule wa simu. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Bell akaleta kifaa chake cha kutafuta metali ili aipate ilipo mwilini. Hakuipata. Inaelezwa kwamba kitanda kilikuwa na springi za chuma chini ya mgonjwa, na pia daktari alimruhusu apime upande mmoja tu, kumbe risasi iko upande wa pili. Tatizo lenu la Eastlands ni la zamani.

#7 · koili_ya_buruburu

Naam, na funzo la kupima upande mmoja tu hata leo linafaa.

Tuje kwa vizibo, maana najua ndivyo vinavyowachosha watu Nairobi. Kizibo cha soda ni chuma, lakini ni bapa, ni duara, na kimepakwa. Umbo hilo hukifanya kilie juu kama sarafu nzuri, hasa kwa koili hizi za DD, zenye nyaya mbili zilizopindwa kama herufi D, ambazo mashine nyingi mpya zinakuja nazo. Kipande bapa cha bati kilichooza hufanya vivyo hivyo. Kichujio cha chuma hakivizuii, kwa hiyo kupandisha kichujio hapo ni bure.

Njia zangu ni hizi. Mlio ukitokea, simama, zunguka robo duara, upitishe tena. Sarafu hubaki na namba yake, labda inasogea kidogo. Kizibo au kipande cha bati namba zinarukaruka, au upande mmoja unalia vizuri na mwingine unaguna. Kisha uvute koili nyuma taratibu huku ukiitikisa kwa mipigo mifupi, hadi kitu kibaki kwenye ncha ya mbele tu. Sarafu hufifia ikiwa na sauti yake ileile. Kizibo mara nyingi hubadilika kikaanza kuguna chuma kabla hakijapotea. Na mwisho, tafuta kitovu chake kwa kitufe cha kulenga. Kama mahali panapolia kwa metali zote hapalingani na mahali palipolia ulipokuwa umechuja, huenda ni chuma.

Usisikilize namba peke yake. Sikiliza mwanzo na mwisho wa mlio. Kitu cha duara kisicho chuma huingia na kutoka laini. Chuma hukatika kingoni.

Hata hivyo kuna siku kizibo kitakushinda. Chimba. Kuchimba kizibo ni nusu dakika.

#8 · kabete_udongo

Mleta uzi, umesahau udongo. Mimi niko huku Kabete, huu wetu mwekundu. Mashine yangu inalia hata ikipita mahali pasipo na kitu, na sarafu niliyoifukia mwenyewe kiganja kimoja chini inasoma chuma.

#9 · koili_ya_buruburu

Sijasahau, nilikuwa naufikia. Umeugusa mfupa.

Upande wenu wa magharibi, Kabete, Dagoretti, Kikuyu, udongo mwekundu umetokana na mawe ya volkano na umejaa oksaidi za chuma, ndizo zinazoupa rangi. Koili inausikia udongo wenyewe. Ndiyo maana lazima usawazishe mashine na udongo kabla ya kuanza: tafuta mahali safi, shikilia kitufe cha kusawazisha, pandisha na ushushe koili hadi mashine iache kuitikia. Rudia kila unapohama sehemu, na rudia mvua ikinyesha.

Halafu shusha usikivu. Watu wanadhani usikivu wa juu ni kina zaidi. Kwenye udongo wenu usikivu wa juu ni kelele zaidi, na ndani ya kelele huwezi kusikia cha chini. Mawe ya moto pia yapo, yale mawe meusi ya volkano yanayolia kama metali. Ukilenga utaona yanalia kwa upana bila kitovu.

Na hiyo sarafu yako kusoma chuma ni jambo muhimu kwa uzi huu wote. Kadiri kitu kinavyokwenda chini, jibu lake linakuwa dogo, na jibu la udongo linalizidi. Namba inavutwa kuelekea chuma. Sasa fikiri: ukizima chuma, unazima nini? Unazima sarafu za juu? La. Unazima zile za chini, ambazo ndizo za zamani. Kichujio kinakula kina, na kwenye udongo mwekundu kinakula zaidi.

Huku mashariki, Embakasi kwenda Athi River, ni udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Una shida zake, nitazirudia kama kuna atakayeuliza.

Wa mjini nao watakutana na kelele za stima. Chini ya nyaya kubwa mashine hulia yenyewe. Badilisha chaneli kama ipo, shusha usikivu, na simu uiweke mbali na koili.

#10 · mchanga_wa_migori

Nawasoma kutoka nyumbani, ingawa kazi yangu iko Nairobi. Kwetu Migori dhahabu ipo, na Kakamega mnajua mbio za dhahabu za miaka ya 1930. Hili la kichujio kule ni sheria: anayetafuta punje za dhahabu hazimi foili, maana punje ndogo ndiyo foili. Wanaotumia ditekta hupendelea zenye masafa ya juu zaidi kwa sababu ya udogo wa punje. Lakini wasije wakadanganyika wa Nairobi. Mawe ya hapa ni ya volkano, traikaiti na fonolaiti, msikae mkitafuta punje kwenye mto.

Pia niulize kwa niaba ya mjomba. Kuna mtu anamuuzia mashine yenye antena mbili, eti inaonyesha dhahabu ikiwa mita mia kadhaa, unachagua "dhahabu" kwenye skrini. Ni kweli?

#11 · koili_ya_buruburu

Mwambie mjomba asitoe pesa. Naomba sana umwambie leo. Ditekta ya kweli inasikia sarafu kwa kina cha sentimita ishirini, thelathini hali ikiwa nzuri mno. Kitu kikubwa kama sanduku unaweza kukipata zaidi ya hapo kwa mashine maalumu, lakini bado tunahesabu mita chache. Hakuna uga wa sumaku wa mkononi unaofika mita mia na kurudi na habari ya dhahabu. Na umeona tangu mwanzo wa uzi kwamba hata kitu kilicho chini ya koili mashine haiwezi kuapa kwamba ni dhahabu. Vijiti vile vinazunguka kwa mkono wa anayevishika.

#12 · wakili_wa_south_b

Nawashukuru kwa elimu. Niongeze la sheria, kwa sababu naona watu wanataja kutafuta kwenye viwanja.

Kuna Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006. Kitu cha kale, kwa maana ya sheria hiyo, ni kitu kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kwenda kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni. Na ukikumbana na kitu cha kiakiolojia kwa bahati, una siku saba za kuwajulisha Makumbusho ya Kitaifa, ukieleza mahali hasa ulipokipata. Usikisafishe, usikiuze. Maeneo kama Olorgesailie msiyakaribie na mashine kabisa.

Kwa hiyo shilingi ya 1921 haiingii humo, lakini rupia ya Mombasa ya 1888 inaingia. Misitu na bustani za umma zina wenyewe, ombeni ruhusa. Kiwanja cha mtu binafsi, ombeni ruhusa kwa maandishi na mkubaliane kabla kinachopatikana ni cha nani.

#13 · koili_ya_buruburu

Mheshimiwa, asante. Na hapa kuna jambo linalogusa kichujio. Mahali ulipochimba kitu ndipo penye habari. Ukitoa kitu cha kale shimoni ukakitia mfukoni, Makumbusho yanapata metali tu. Mashine ikianza kukuletea vitu vya ajabu vilivyokaa pamoja, simama, piga picha, acha. Na kitu chochote chenye umbo la bomu au risasi kubwa, usikiguse, ondoka uwaite polisi.

Mashimo yafukieni. Hilo sitalieleza sana.

#14 · mama_wa_utawala

Kaka mleta uzi, habari. Mimi sina mashine, ila nimesoma uzi wote kwa sababu nimepoteza pete yangu ya ndoa. Tulikuwa tunapanda miti kwenye ploti yetu Utawala, ikatoka kidoleni, sijui saa ngapi. Ploti ilikuwa na mjengo zamani, imejaa misumari na vizibo. Udongo ni ule mweusi. Je, kuna tumaini? Pete ni ya karati 18, ya mume wangu inafanana nayo ila ni kubwa kidogo.

#15 · koili_ya_buruburu

Dada, pole sana. Tumaini lipo, tena kubwa kuliko unavyodhani, na hapa sasa kichujio kinapata kazi yake halali.

Yote niliyosema juu ni kwa mtu asiyejua anatafuta nini. Wewe unajua. Una kitu kimoja, cha karati inayojulikana, na kina ndugu yake. Tutaiweka pete ya mume wako juu ya udongo wa ploti hiyohiyo, tuone mashine inasema ngapi, ikiwa imelala na ikiwa imesimama kwa ubavu. Yako ni ndogo kidogo, kwa hiyo tutatarajia namba ya chini kidogo ya hiyo. Kisha tutafungua nafasi hiyo na pana kiasi pande zote mbili, na vinavyolia juu sana tuvipite. Chuma nitakiacha kiwe kinaguna kwa sauti ndogo, sitakizima, kwa sababu ya ile hatari ya pete kukaa kando ya msumari. Vidude vya mikebe vitakavyoangukia hapo tutavichimba vyote, hakuna njia nyingine.

Pete haijakaa muda, haitakuwa chini, isipokuwa kwa jambo moja. Udongo mweusi ukikauka unapasuka, na nyufa zake zinaweza kumeza kitu hadi kina cha mkono. Kwa hiyo naomba yafuatayo: watu wasitembee hapo, msilime, msimwagilie. Mvua ikinyesha nyufa zinajifunga na pete itabaki ndani. Mashimo ya miti msiyafukue kwanza, ila mkumbuke yako wapi, maana mahali palipo rahisi zaidi kwa pete kutoka ni pale mkono ulipokuwa ukishindilia udongo. Tutaanza hapo kwa koili ndogo, kisha tutapiga kamba ploti nzima kwa mistari ya nusu mita.

#16 · mama_wa_utawala

Asante sana kaka, umenipa moyo. Nimeshawaambia watoto wasiingie huko. Mume wangu anauliza kama aje na pete yake au tuipige picha tu na kuipima uzito.

#17 · koili_ya_buruburu

Aje nayo mwenyewe, dada. Uzito na picha haviniambii itakavyolia. Na aifunge kwa uzi mrefu mwekundu kabla hatujaiweka chini.

#18 · mgeni_wa_umoja

Nimefanya lile jaribio la msumari na sarafu jioni hii nyuma ya nyumba. Kweli, upande mmoja ilikufa kabisa. Nimefungua kichujio chote. Jumamosi kama mnaenda Utawala naomba nije kushika kamba.

#19 · koili_ya_buruburu

Njoo. Leta sumaku na koleo dogo. Saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.